Kipindi cha Shamba Letu: Kantangaze kwenye nyanya

(Muziki wa kufungua, kisha ushuke.)

Mvua ya Septemba imekaribia hapa Nakivale, na wengi tumeshamwaga mbegu za nyanya kitaluni. Leo tuzungumze juu ya mdudu mmoja tu, yule aliyekula mtaji wetu msimu uliopita. Wakulima wa Tanzania wanamwita kantangaze.

Utamjuaje? Chuma jani lenye baka la kahawia kama karatasi iliyoungua, uliinue kuelekea jua. Katikati ya ngozi mbili za jani utaona kiwavi mdogo na kinyesi cheusi. Kwenye tunda huingia karibu na kikonyo, kwa tundu dogo sana. Ukilipasua, ndani kumeoza.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, na kufikia 2014 alikuwa Kenya na Tanzania. Mzazi wake ni kipepeo mdogo wa kijivu arukaye usiku. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 200, na kutoka yai hadi kipepeo ni kama mwezi mmoja. Nyanya hukaa shambani miezi mitatu na zaidi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Sasa dawa. Mama yangu alinunua dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala jina. Akapuliza mara tatu ndani ya wiki mbili. Viwavi hawakufa: akiwa ndani ya jani, dawa nyingi hazimfikii, tena mdudu huyu ameshazizoea nyingine. Nyanya chache zilizobaki tukala, nyingine tukauza kwa majirani. Hadi leo hatujui tulikula nini. Dawa halali ina karatasi inayosema usubiri siku ngapi kati ya kupuliza na kuchuma. Ile ya chupa ya soda haikuambii kitu. Ukikosa dawa yenye karatasi ya kusoma au kusomewa, heri usipulize. Na chupa hiyo isichotewe maji ya watoto, hata ukiiosha mara kumi.

Tufanye nini basi? Pita shambani kila baada ya siku mbili tatu, uchume majani na matunda yenye dalili. Usiyatupe njiani. Yafunge ndani ya mfuko wa plastiki, uuache juani siku kadhaa, au yafukie chini sana. Usiku weka beseni la maji yenye sabuni, na taa juu yake. Vipepeo huanguka humo. Hawaishi wote, lakini hupungua.

Kazi kubwa iko baada ya mavuno. Mashamba yetu yanagusana. Jirani mmoja akiacha mashina ya zamani yakauke yenyewe, amefugia kijiji kizima viwavi. Ng'oeni pamoja, wiki ileile. Usifuatishe viazi ulaya, biringanya wala nyanya chungu, maana huyu anakula hizo zote. Panda maharage, vitunguu au lenga-lenga. Hata mnavu tunaoupenda humficha, kwa hiyo upande mbali.

Juu ya msimu: mdudu huyu hupenda kiangazi. Anayehamisha miche mvua zikianza atachuma kabla jua la Januari halijakaza. Ila mvua nayo ina ugonjwa wake, baka linalooza majani kwa siku chache, basi acha nafasi kati ya mashina, simamisha miti, na ondoa majani yanayogusa udongo.

Kama huna hakika na ulichokiona, leta jani hilo studioni Jumatano asubuhi, limefungwa ndani ya mfuko. Tutalitazama pamoja.

(Muziki.)