Kadi ya njano haikukingi na homa ya ini

Mfanyabiashara anayevuka Mutukula, Rusumo au Namanga huitunza kadi yake ya njano kama anavyoitunza pasipoti. Kadi hiyo inathibitisha kwamba amechanjwa dhidi ya homa ya manjano, na tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaitambua kwa maisha yote ya mwenye nayo. Lakini wapo wanaoamini kwamba kadi hiyohiyo inawakinga pia na homa ya ini.

Haiwakingi. Magonjwa yote mawili huweza kuyafanya macho kuwa ya njano, ila homa ya manjano huenezwa na mbu. Homa ya ini husababishwa na virusi vingine kabisa, navyo ni vya aina tano: A, B, C, D na E.

Zinazopita mdomoni

Aina A na E huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mtu anayekula njiani, anayelala gesti na kunywa maji asiyojua yametoka wapi, yumo hatarini. Kaskazini mwa Uganda, mlipuko wa aina E ulioanza Kitgum mwaka 2007 uliugua watu zaidi ya 10,000, wengi wao wakiwa katika kambi za wakimbizi wa ndani zilizokosa maji safi na vyoo vya kutosha.

Aina hizi mbili hazina dawa maalumu. Wagonjwa wengi hupona kwa kupumzika, kula vizuri na kunywa maji ya kutosha. Hata hivyo, aina E ni hatari kubwa kwa mjamzito, hasa ujauzito unapokaribia miezi ya mwisho. Mama mwenye mimba anayeona macho yake yamekuwa ya njano asisubiri kumaliza safari, aende hospitali siku hiyohiyo.

Zinazopita kwenye damu

Aina B, C na D ndizo zinazoweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, huku ini likiharibika taratibu hadi kusinyaa au kupata saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na aina B na milioni 50 na aina C. Katika mwaka huo, homa ya ini iliua watu milioni 1.3.

Aina B hupita kwa damu, kwa ngono isiyo salama, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kirusi chake kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Ndiyo maana wembe wa kinyozi, sindano ya kuchora tatuu na mswaki wa kuazimana si vitu vya kuchukulia kimzaha. Aina C hupita zaidi kwa damu. Aina D humpata tu mtu mwenye B, kwa hiyo anayejikinga na B amejikinga na zote mbili.

Kushikana mikono, kula sahani moja au kukaa siti moja ya basi hakuambukizi B wala C. Hakuna sababu ya kumtenga mwenzako sokoni.

Pima, kisha chanja

Nchi za Afrika Mashariki zilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya aina B mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maana yake, wafanyabiashara wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo hiyo utotoni. Njia ni moja: pima damu kwanza. Ukikutwa huna maambukizi, chanjwa. Kwa kawaida mtu mzima hupewa dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukikwama safarini na tarehe ikapita, huanzi upya; unaendelea ulipoishia. Hifadhi karatasi ya chanjo pamoja na kadi ya njano, ili mhudumu wa kituo chochote ajue umefikia wapi.

Ukikutwa na B, vipo vidonge vya kila siku vinavyomdhibiti kirusi ingawa mara nyingi havimwondoi kabisa. Si kila mwenye B huhitaji kuvianza mara moja, daktari ndiye huamua. Aliyekwisha kuanza abebe vya kutosha safari nzima, maana kuviacha ghafla kunaweza kuliamsha tena tatizo la ini.

Aina C haina chanjo, lakini inapona. Vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Rwanda ilizindua Desemba 2018 mpango wa kuitokomeza aina hiyo, ikipima na kutibu wananchi kwa wingi.

Kwa anayeishi kwa kuvuka mipaka, kipimo hiki ni tone la damu na dakika chache katika kituo kinachokitoa. Kifanye kabla ya safari ijayo, ungali mzima. Ukisubiri macho yabadilike rangi, huenda ini limeshaumia.