Bunduki Iliyotoa Moshi

Wasomaji na wasikilizaji wetu wa Ziba, na wa njia yote ya misafara ya zamani hata Tabora, waijua gobori: hupigwa mara moja, na wingu la moshi humfunika mwindaji. Leo twapenda kueleza jinsi moshi wa namna hiyo ulivyowatia hatarini askari wa nchi hii katika vita vilivyoanza mwaka 1914.

Wakati ule makampuni mengi ya askari wa Wadachi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, yalichukua bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Ilikuwa bunduki imara, na tundu la mtutu wake lapata milimita 11. Askari hufungua komeo, hutia risasi moja, hufunga, hulenga, hupiga. Kisha huanza upya, kwa kuwa haina mahali pa kuwekea risasi nyingine.

Ubaya wake mkubwa ulikuwa baruti. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikiwaka, si yote igeukayo hewa ya kusukuma risasi. Zaidi ya nusu ya uzito wake huwa vumbi jembamba, nalo ndilo moshi tuuonao. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi mwingi, na majeshi ya Ulaya yakaiacha ile ya kale. Bunduki kuukuu zikasalia kwa askari wa makoloni. Basi askari aliyelala nyasini, hata akijificha vema, alipopiga mara moja tu adui alijua alipo. Naye mwenyewe hakuona mbele mpaka upepo uuondoe moshi.

Tena ilikuwa nzito kwa wapagazi. Risasi yake ilikuwa na gramu 25, na ile ya Mauser mpya ya mwaka 1898 karibu gramu 10. Mzigo huo ulikwenda juu ya vichwa vya watu, katika vita vilivyofika Tabora yenyewe, ambayo majeshi ya Wabelgiji yaliiingia tarehe 19 Septemba 1916.

Novemba 1914, baada ya mapigano ya Tanga, Wadachi waliteka bunduki mpya 455 na bombomu 16. Bunduki hizo zikatosha kuwapa makampuni matatu badala ya zile za moshi.

Katika vita vya pili Mrusi Georgy Shpagin alitengeneza bunduki ya bati la chuma lililokandamizwa kwa mashine, yenye kuchukua risasi 71 na kupiga kama 900 kwa dakika. Nayo ina upungufu wake: kupita meta 200 haifai sana.

Kwa hiyo asomaye habari za vita asihesabu bunduki tu. Na aulize zilikuwa za namna gani, na ni nani aliyepewa zile mbovu.