Haidrojeni Peroksaidi: Iamshayo Mbegu Si Lazima Iponye Mwili

Katika vyumba vingi vya kufungia vidonda haikosekani chupa ya kahawia yenye haidrojeni peroksaidi. Wauguzi huijua kwa povu lake, na wasusi huijua kwa kufifisha rangi ya nywele. Wakulima wa bangi, katika nchi ambako zao hilo limeruhusiwa, nao wameichukua: huloweka mbegu ndani yake ili ziote upesi. Jambo hilo ni la kweli na lina msingi wa kisayansi. Hata hivyo, limetumika kuunga mkono kosa moja kubwa, yaani dhana kwamba kinachoamsha mbegu kitaamsha pia mwili wa mgonjwa. Tuanze na mbegu yenyewe.

Nchini Kanada, matumizi ya bangi kwa watu wazima yalihalalishwa mwezi Oktoba 2018. Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa tayari ikilima bangi ya viwandani, ambayo kisheria haipaswi kuzidi asilimia 0.3 ya THC, kemikali inayolevya. (Baadhi ya kamusi huiita bangi hiyo katani. Msomaji wa Tanga atuwie radhi, kwani kwake katani ni mkonge, mmea usiohusiana nayo hata kidogo.) Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, katika jimbo la Alberta, walichapisha utaratibu wa kuotesha mbegu za bangi ya viwandani katika mmumunyo wa haidrojeni peroksaidi wa asilimia 1. Mizizi ya kwanza ilianza kuchomoza ndani ya siku moja.

Kwa nini ikawa hivyo? Mbegu ya bangi ina ganda gumu, na takribani theluthi moja ya uzito wake ni mafuta. Mafuta hayo huharibika kadiri mbegu inavyokaa ghalani, hasa penye joto na unyevu, na ndiyo maana mbegu kuukuu huota kwa shida. Juu ya ganda hukaa vimelea vya ukungu na bakteria, ambavyo maji huviamsha sawasawa na yanavyoiamsha mbegu. Mara nyingi ukungu ndio hutangulia, na mche huoza kabla haujaona jua. Kazi ya kwanza ya peroksaidi, basi, ni kusafisha ganda. Ya pili ni kuachia oksijeni, kwa kuwa peroksaidi huvunjika ikawa maji na oksijeni, na mbegu iliyozama majini huwa na uhaba wa hewa.

Kazi ya tatu ndiyo yenye kustaajabisha zaidi. Peroksaidi si mgeni ndani ya mbegu, kwani mbegu huitengeneza yenyewe inapoanza kuamka. Kiasi kidogo chake hufanya kazi ya mjumbe: hupunguza nguvu ya asidi ya abisisiki, homoni inayoilaza mbegu, na kuipa nafasi homoni ya jibarelini, inayoihimiza kuota. Kikipungua mno, mbegu huendelea kulala. Kikizidi, huunguza kiinitete. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi nyembamba, na mafanikio yote ya kuloweka yamo humo.

Mbegu iliyokufa haifufuki kwa peroksaidi. Mbegu changa na nzima huota yenyewe katika maji safi, bila dawa yoyote. Tena, usafi wa ganda haumlindi mtumiaji wa mmea uliokomaa: ukungu aina ya Aspajilasi unaweza kumea kwenye maua ya bangi yaliyohifadhiwa vibaya, na mgonjwa mwenye kinga dhaifu anayevuta moshi wake huhatarisha mapafu yake, hata kama mbegu ilioshwa vizuri namna gani. Wasomaji wetu wa Tanzania na Kenya wanafahamu pia kwamba kulima bangi bila idhini ni kosa la jinai katika nchi zao.

Sasa tuje kwenye mwili wa binadamu. Povu linalofuka kidondani huwafurahisha wengi, wakadhani kwamba wanaona vijidudu vikifa. Kwa hakika povu hilo husababishwa zaidi na kimeng'enya kiitwacho katalesi, kilichomo katika damu na katika seli zetu wenyewe, ambacho huivunja peroksaidi haraka na kutoa oksijeni. Kidonda kisicho na kijidudu hata kimoja nacho hufuka povu. Peroksaidi haibagui: huumiza bakteria, na huumiza pia seli changa zinazojenga nyama mpya. Ukiitia kidondani kila siku, unakichelewesha kupona. Maji safi yanayotiririka, au maji ya chumvi ya hospitali, yanatosha kwa vidonda vingi. Na kwa wahudumu wa afya tunasisitiza: isisukumwe kwa sindano ndani ya kidonda kirefu au uwazi uliofungika, kwa kuwa oksijeni isiyo na pa kutokea inaweza kuingia katika mishipa ya damu.

Kila linalohusu kemikali hii hutegemea ukali wake. Ile ya duka la dawa huwa ya asilimia 3. Mililita moja yake hutoa takribani mililita 10 za oksijeni. Wasusi huhesabu kwa namba nyingine: chupa iliyoandikwa 20 ina asilimia 6, na iliyoandikwa 40 ina asilimia 12. Kuna pia ile ya asilimia 35, ambayo wauzaji huisifu kuwa ni ya daraja la chakula. Sifa hiyo inahusu usafi wa kemikali inayotumika viwandani, wala haina maana kwamba inanyweka. Hiyo huunguza ngozi kwa kuigusa tu, na jicho inaweza kulipofusha.

Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wasinywe peroksaidi ya asilimia 35, iliyokuwa ikiuzwa kwa madai ya kutibu maradhi mazito, saratani ikiwemo. Hesabu yake inatisha. Mililita 30, yaani funda kubwa moja, huweza kutoa zaidi ya lita 3 za gesi tumboni. Umio na tumbo huungua, na mapovu ya oksijeni yakiingia katika damu huweza kufika moyoni au kwenye ubongo, mgonjwa akaonekana kama aliyepatwa na kiharusi.

Aliyeinywa asitapishwe, afikishwe hospitali mara moja, hata kama anajiona mzima. Mhudumu atazame upumuaji, maumivu ya kifua na tumbo, kuchanganyikiwa, na udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Palipo na chumba cha oksijeni ya mgandamizo mkubwa, dalili za ubongo ni sababu ya kumpeleka huko bila kuchelewa. Chupa iletwe pamoja na mgonjwa, kwa kuwa lebo yake ndiyo itakayoeleza ukali. Tatizo ni kwamba mara nyingi lebo haipo: mtu amenunua ile kali, akaihamishia katika chupa tupu ya maji ya kunywa na kuiweka jikoni, nayo kwa kuitazama haina tofauti yoyote na maji.