Paka Ana Sukari: Hesabu za Dukani

"Dawa ya mzee au ya mama?" aliniuliza muuzaji wa duka la dawa nilipompa karatasi ya daktari. "Ya paka," nikamjibu. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Paka naye ana sukari?"

Anayo. Anakunywa maji hayamtoshi, anakojoa sana, anakula kama mwenye deni na bado anakonda. Wanaoongoza kuugua ni madume waliohasiwa, wanene, umri umesogea. Wangu ana sifa zote tatu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuulizia bei ya chupa. Swali lenye faida ni hili: utatumia kiasi gani kabla ya kuimwaga? Paka wengi huanzia yuniti 1 au 2, asubuhi na jioni. Tuseme 2, yaani 4 kwa siku. Chupa ya glajini ya mililita 10, insulini ileile ya binadamu, ina yuniti 1,000; kwa mahesabu ya mezani ingekaa siku 250. Lakini maelezo ya mtengenezaji yanasema ikishafunguliwa imwagwe baada ya siku 28. Utakuwa umetumia yuniti 112, na 888 zinakwenda jalalani.

Kalamu ya glajini ina yuniti 300 tu. Kila sindano, maelezo yanataka utoe kwanza yuniti 2 hewani kuhakikisha njia iko wazi. Ukiweka na hasara hiyo, unatumia 8 kwa siku, 224 kwa siku 28. Kalamu moja inatosha. Basi muulize muuzaji kama atakukatia kalamu moja kwenye boksi la kalamu tano. Akikubali, chupa haina nafasi tena. Ila kalamu inapanda kwa yuniti nzima. Daktari akiandika moja na nusu, itabidi urudi kwenye chupa na sindano ndogo za mililita 0.3 zenye alama za nusu yuniti.

Kuna insulini ya wanyama pia, Caninsulin, ambayo chupa yake ya mililita 10 ina yuniti 400. Ni dawa nzuri, lakini nguvu yake ni yuniti 40 kwa mililita (U-40), na ya binadamu ni 100 (U-100). Hapo ndipo pesa inapogeuka roho. Ukivuta glajini kwa sindano ya U-40 hadi alama ya 2, umemchoma yuniti 5. Paka anaweza kuanguka na kutetemeka, ukabaki kumpaka asali kwenye fizi huku unatafuta teksi ya kukimbilia kwa daktari.

Ile insulini ya bei ya chini iliyozoeleka, NPH, nayo utashawishiwa uichukue. Kwa paka haidumu mwilini. Sukari inashuka ghafla, halafu inapanda kabla ya sindano ya jioni. Mimi nisingeinunua hata kwa nusu bei.

Vidonge? Marekani iliidhinisha Bexacat Desemba 2022, kisha Senvelgo ya maji mwaka 2023, mara moja kwa siku. Ni kwa paka ambaye hajawahi kuchomwa insulini, na anahitaji vipimo vya karibu kwa sababu damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikionekana nzuri. Ukijumlisha gharama za maabara, sindano inaanza kupendeza.

Sindano zenyewe ni 60 kwa mwezi. Usizisahau kwenye bajeti. Kipimo cha sukari cha binadamu kinafaa, japo kwa paka husoma chini kidogo ya ukweli, na tone la damu unalipata ukingoni mwa sikio. Nimeona ni nafuu kuliko kumpeleka kliniki, ambako hofu peke yake hupandisha sukari na jibu likapotosha.

Sasa bakuli, ambalo ndilo la bei ndogo kuliko yote. Ugali na dagaa, mlo wa paka wetu wengi, ni wanga uliotiwa harufu ya samaki. Toa ugali, bakiza dagaa, ongeza kuku wa kuchemsha na moyo wa ng'ombe, ambao una taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukikosa. Chakula kikavu cha mifuko, hata cha ghali, kwa kawaida hakikosi wanga. Kopo la nyama lina wanga kidogo, na kama mfuko unaruhusu, hapo ndipo pa kutumbukiza pesa. Wapo paka ambao, tiba ikiwahi na mlo ukibadilika, huacha kabisa kuhitaji insulini. Mwambie daktari kabla ya kubadilisha mlo, maana dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno kesho.

Na kabla hujaondoka kaunta, soma pakiti ya sindano: U-40 au U-100? Ilinganishe na chupa yako palepale, muuzaji akiwa anakutazama.