Fahamu: Chama kimesusa, jimbo linasubiri

Oktoba 2020, CHADEMA ilishinda jimbo moja tu nchi nzima: Nkasi Kaskazini, Rukwa. Aida Khenani alimbwaga Ally Kessy wa CCM, lakini chama chake kiliyakataa matokeo yote ya uchaguzi. Asuse naye, au akawasemee watu wa Namanyere na Kirando? Aliapa.

Haukuwa uamuzi mwepesi. Kwa Ibara ya 71 ya Katiba, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichochaguliwa nacho, anapoteza kiti. Marekani sivyo: Justin Amash alijitoa Republican mwaka 2019, akaendelea na ubunge wake. Huku ukivuliwa uanachama, ubunge nao kwaheri. Kwa maoni yangu, mpigakura anapunjwa: foleni alipanga yeye, mpini kashika chama.