Simu ya shamba usiiwekee toleo la majaribio

Leo tuache kidogo chakula cha kuku na viuatilifu, tuongee kuhusu simu. Siku hizi simu ni kitendea kazi kama jembe.

Juzi nilimtembelea mfugaji mmoja kule Chamazi, Temeke. Ana kuku wa mayai 500. Nikamuuliza, "Kideri umechanja lini mara ya mwisho?" Kimya. Tarehe za chanjo, hesabu ya trei na madeni ya wenye maduka, vyote vilikuwa kwenye simu. Aliweka toleo la majaribio la Android, programu ya benki ikagoma kufunguka, akaamua kurudi toleo la zamani. Simu ikafuta kila kitu. Onyo lilikuwepo, ila hakulisoma.

Toleo la majaribio, wengi wanaliita beta, ni kama mbegu ambayo TOSCI bado haijaithibitisha. Inaweza kuwa nzuri, lakini huwezi kuipanda ekari zote. Na kila toleo huja na maelezo yake. Humo tafuta mambo mawili, na usiyachanganye.

Mabadiliko. Haya yamekusudiwa, hayatarekebishwa. Mfano, Android 14 inakataa kuingiza programu za zamani zilizotengenezwa kwa matoleo ya kabla ya Android 6. Android 15 ikapandisha kiwango hadi 7. Programu iliyokuwa tayari kwenye simu inabaki, lakini simu ikifutwa, hairudi. Kama kumbukumbu zako unaziweka kwenye programu ya kizamani uliyotumiwa na rafiki, hapo ndipo utakwama.

Kasoro zinazojulikana. Haya ni makosa ambayo watengenezaji wanayajua na bado wanayashughulikia: programu kujifunga, chaji kuisha haraka, na kadhalika. Ukiona kasoro inayogusa kazi yako, subiri.

Hata toleo kamili usilikimbilie siku ya kwanza. Android 14 ilitoka Oktoba 2023, na mwezi huohuo baadhi ya simu za Pixel zenye watumiaji zaidi ya mmoja zilishindwa kufungua picha na mafaili ya wenyewe. Marekebisho yalikuja Novemba. Aliyesubiri wiki chache hakupata shida hiyo.

Sasa ufanye nini?

1. Simu ya biashara ibaki kwenye toleo kamili. Ukitaka kujaribu, tumia simu nyingine isiyo na kumbukumbu.
2. Kabla ya sasisho lolote, hifadhi nakala nje ya simu. Tarehe za chanjo na madeni yaandike pia kwenye daftari. Daftari haliishiwi chaji.
3. Kama tayari uko kwenye beta ya Android, usitoke kwa hasira. Ukitoka katikati, simu inafutwa. Subiri toleo kamili liingie, kisha jiondoe kabla hujapokea beta nyingine.
4. Programu ya pesa ikigoma, menyu ya kubonyeza namba bado ipo. M-Pesa ni \*150\*00#.

Yule kijana sasa anapita duka kwa duka akiulizia nani anadaiwa trei ngapi. Wapo waliosema ukweli. Wengine wamesema hawakumbuki. Kwa upande wa chanjo tumekubaliana aanze ratiba upya, na safari hii kadi ya chanjo imetundikwa mlangoni kwenye banda.

Na wewe, kabla hujalala leo, fungua daftari.