Mpake mabaka mwanajeshi wa mezani, wewe baki na jinzi lako!

WAPO washikaji ambao Jumamosi ikifika hujazana kijiweni kubishana mpira mpaka giza liingie. Wapo na wengine ambao huinama mezani na brashi nyembamba kama sindano, wakimpaka rangi mwanajeshi asiyezidi kidole gumba. Usicheke, mpenzi msomaji. Kazi hiyo ina akili, ina subira, na kwa sisi wa Nyanda za Juu ina historia ya nyumbani kabisa.

Kwa wenzetu wa Ulaya na Japani mchezo huu una wenyewe. Kampuni kama Airfix ya Uingereza na Tamiya ya Japani zimeuza vijeshi hivi kwa miaka mingi. Kipimo kinachopendwa sana ni moja kwa 35, yaani mtu wa sentimita 175 anakuwa wa sentimita tano tu. Hapo ndipo utaijua kazi ya kuchora jicho!

Mabaka ni kazi ya wachoraji

Wengi hudhani mabaka yalibuniwa na majenerali. Wapi! Zamani majeshi ya Ulaya yalivaa nyekundu na buluu, yakionekana toka maili nzima. Waingereza kule India wakahamia kaki, neno ambalo asili yake ni vumbi. Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, Ufaransa iliunda kikosi maalumu cha kuficha mizinga na watu, na aliyekiongoza alikuwa mchoraji wa picha, Lucien-Victor Guirand de Scévola. Kwa hiyo mwenye brashi mkononi ndiye mwenye mali.

Lakini hata kabla ya hao, Iringa walikuwa wanaijua kazi. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa walijificha vichakani wakiusubiri msafara wa Mjerumani Emil von Zelewski, aliyebandikwa jina la Nyundo. Walipoibuka na mikuki, dakika chache tu zilitosha. Nyundo mwenyewe hakutoka hai. Hakuna aliyevaa mabaka siku ile. Nyasi na mawe vilitosha.

Rungwe siyo Isimila

Hapa ndipo vijana wengi wanapochemsha. Mtu anaona picha ya komandoo wa kwenye sinema, anakoroga kijani kibichi, basi kamaliza. Ndugu yangu, mabaka hufuata ardhi. Ukitaka mwanajeshi wako aonekane yuko Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe ambako mvua haikauki, kijani kizito na kahawia nyeusi vinafaa. Mchukue huyohuyo umweke Isimila, Iringa, mwezi wa Septemba, penye nguzo za udongo na nyasi zilizokauka: atang'aa kama taa ya gari! Huko anataka rangi ya mchanga, kahawia nyekundu, na kijani kidogo kilichofifia.

Namna ya kuanza

Kwanza, mwoshe kwa maji na sabuni. Plastiki mpya hutoka kiwandani na mafuta yanayokataa rangi. Pili, kwangua mishono kwa wembe, kisha pitisha msasa laini. Tatu, mpake mkono mmoja wa kijivu, umwache akauke vizuri.

Sasa weka rangi ya chini, ile hafifu kuliko zote. Ikishakauka, gusagusa mabaka kwa ncha ya kijiti cha meno. Yawe madogo, yasilingane, na yapite juu ya mifuko na mikunjo kana kwamba ni kitambaa kimoja. Rangi zote ziwe na weupe kidogo kuliko za kweli, maana kitu kidogo huonekana cheusi zaidi. Mwisho, chovya brashi kwenye kahawia iliyozimuliwa sana, iache itiririke kwenye mikunjo. Utaona nguo inapata uhai.

Angalizo kwa akina dada mtakaoazima rangi za kucha kutoka kwenye pochi: huyeyusha plastiki ngumu, mwanajeshi akabaki kama mshumaa. Tumia rangi za maji.

Mgeuze awe wa kwetu

Utamu wenyewe uko hapa. Maboksi ya dukani yamejaa Wamarekani, Wajerumani na Waingereza. Babu zetu waliopigana na kubeba mizigo kwenye ardhi hii katika vita ya 1914 mpaka 1918 huwapati kirahisi. Basi wageuze! Kata helmeti, finyanga tarbushi kwa ile gundi ya kukandwa ya mafundi bomba, weka kitambaa cha kufunika shingo nyuma. Hapo umempata askari mweusi wa jeshi la Mjerumani. Huyo usimpake mabaka hata kidogo. Yeye ni kaki tupu. Na ngozi iwe kahawia yenye wekundu kwa mbali, siyo nyeusi ya lami. Mtu wetu ana rangi, hana masizi.

Ukitaka kuona vitu vya zama hizo kwa macho, panda gari mpaka Iringa. Makumbusho ya Kalenga yanalo fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na pale mjini lipo Boma la Mjerumani lililogeuzwa makumbusho.

Mabaka yaishie mezani

Mwisho, tuambiane ukweli. Kumpaka kisanamu ni jambo moja, kuvaa mwenyewe ni jingine. Kwenye marobota ya mitumba, iwe Mwanjelwa au Iringa mjini, suruali ya mabaka inaweza kukuchekea. Iache! Sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Kujitetea kwamba ni fasheni tu hakutakusaidia mbele ya wenye sare zao.

Kwa hiyo mabaka mwachie mshikaji wa sentimita tano. Yeye hakamatwi, haombi chakula, na akichafuka unamwosha ukaanza upya. Haya, brashi mkononi, kazi kwako!